Kukaa kwenye nyumba ndogo ya Ayurveda Fort Kochi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Fort Kochi ni mtaa mkongwe wa jiji la Kochi, jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa India. Nyumba nyingi za Ayurveda, yaani tiba ya jadi ya India, za hapo ni ndogo: vyumba vichache ndani ya jumba la zamani lenye ua, daktari mmoja, wakandaji kadhaa, na jiko linalopika kwa maagizo ya daktari. Majibu haya ni ya msafiri anayetaka kujua anakwenda kufanyiwa nini kabla hajalipa.

Je, ni masaji tu au ni tiba?

Ni tiba, na masaji ni sehemu yake moja. Siku ya kwanza daktari hukaa nawe nusu saa hadi saa nzima. Atapima mapigo, atatazama ulimi, atauliza habari za choo, usingizi, hamu ya kula, kazi unayofanya na dawa unazotumia. Anatafuta hali ya mwili wako kwa kipimo cha Ayurveda, yaani vata, pitta na kapha, nguvu tatu zinazosemwa kuutawala mwili, na ndipo anapoandika ratiba. Nyumba inayokupa orodha ya masaji uchague mwenyewe kabla daktari hajakuona inakuuzia masaji. Si vibaya kama hicho ndicho unachotaka, lakini usilipie bei ya tiba.

Kati ya yale utakayofanyiwa, abhyanga ndiyo ya kawaida zaidi: mwili mzima hupakwa mafuta ya uvuguvugu, mara nyingi ya ufuta yaliyopikwa na mitishamba, kwa dakika 45 hadi 60. Katika shirodhara unalala chali na mafuta yanatiririka kwenye paji la uso kwa dakika 30 au zaidi kidogo, kutoka kwenye chungu kinachoning'inia juu yake kwa kimo cha vidole vinne. Chungu kikipandishwa juu zaidi, mafuta hupiga paji la uso badala ya kulipita, na mgonjwa hutoka na kichwa kinachouma. Pizhichil ni kumiminiwa lita kadhaa za mafuta ya moto mwili mzima huku wakandaji wawili au zaidi wakikukanda kwa pamoja.

Kizhi ni vifurushi vya kitambaa vinavyopashwa moto na kugongwagongwa mwilini. Cha majani hujazwa majani ya mnyonyo, mkwaju na mlonge, nazi iliyokunwa na vipande vya limau, vyote vikakaangwa kwa mafuta. Hutumika sana kwa maumivu ya mgongo na magoti. Kuna kingine cha wali wa njavara, mchele wa Kerala unaopikwa kwa maziwa na maji ya mizizi, ambacho hupewa watu waliodhoofika. Na kama umewahi kusuguliwa singo, udvartanam haitakushangaza: ni unga mkavu wa mitishamba unaosuguliwa kwa nguvu kuelekea juu, dhidi ya malaika ya mwili.

Nikae siku ngapi?

Siku 3 ni za kuonja. Siku 7 zinatosha kupumzika, kulainisha viungo na kurekebisha usingizi. Panchakarma, yaani usafishaji kamili, haifanyiki kwa wiki moja. Anza kuhesabu kuanzia siku 14, na kwa ugonjwa wa muda mrefu madaktari wengi wa Kerala hutaka 21 au 28. Nyumba inayokuahidi panchakarma ya siku 5 imebadilisha jina la masaji, basi.

Halafu kuna siku za kurudi kwenye maisha ya kawaida. Mila ni kwamba siku ulizotibiwa upumzike nyingine kama hizo: chakula chepesi, usingizi wa mapema, bila safari ngumu. Wachache wanaweza kufuata hilo kikamilifu, lakini usipange kuingia kazini kesho yake.

Panchakarma inaendaje, hatua kwa hatua?

Kwanza siku mbili tatu za dawa chungu za kuwasha mmeng'enyo. Kisha inakuja sehemu ambayo wageni wengi huiogopa: kunywa samli. Mnamo saa 12 asubuhi, tumbo tupu, unapewa samli iliyopikwa na mitishamba, siku ya kwanza kama mililita 30, na kipimo huongezwa kila siku kulingana na ulivyoimeng'enya ya jana. Baada yake ni maji ya moto peke yake mpaka njaa ya kweli ije, na inaweza kuja saa 6 mchana au hata baadaye. Hii huchukua siku 3 hadi 7. Daktari anasubiri dalili zake: ngozi kulainika, choo kuwa na mafuta, na wewe mwenyewe kuichukia samli. Ukiona kichefuchefu, usiimwage kimyakimya kwenye sinki. Mwambie daktari. Akidhani umeinywa yote, atapandisha kipimo kesho, na mahesabu yote yatakuwa yameharibika.

Baada ya samli ni siku chache za kukandwa na kutolewa jasho kwa mvuke. Ndipo inakuja siku ya dawa ya kuharisha, virechana. Unainywa asubuhi, unakaa chumbani karibu na choo, unakunywa maji ya moto kidogo kidogo, na unahesabu umekwenda mara ngapi kwa sababu daktari atauliza. Jioni unapewa maji ya wali, hakuna kingine. Kesho uji mwembamba, keshokutwa mzito zaidi, kisha choroko, na hivyo hivyo kwa siku 3 hadi 7 kabla ya chakula cha kawaida.

Hapa ndipo mambo huharibika. Mgeni anajisikia mwepesi, anatoka jioni ya pili, anakula biriani au samaki wa kukaanga, na usiku tumbo linamkata. Au amekata tiketi ya ndege ya siku inayofuata virechana, akiwa amepoteza maji na hana nguvu. Acha angalau siku 4 kati ya siku ya kuharisha na siku ya kusafiri.

Hatua nyingine ni basti, dawa inayopitishwa njia ya haja kubwa. Ratiba yake fupi ni ya siku 8, mafuta na maji ya mitishamba yakipishana. Nasya ni matone ya puani. Kutapishwa na kutolewa damu navyo vimo katika hatua tano za panchakarma, lakini havifai kufanyika kwenye nyumba ndogo isiyo na daktari wa usiku.

Nitavua nguo zote? Nani atanikanda?

Kerala ina desturi iliyo wazi: mwanamume hukandwa na wanaume, mwanamke na wanawake. Ukiona imevunjwa, una haki ya kukataa. Unavua nguo zako na kufungwa kitambaa chembamba kiunoni, na mwanamke anaweza kuomba kitambaa cha kifuani pia. Kitanda ni droni, mbao nzito iliyochongwa ikaachiwa mfereji wa kukusanyia mafuta. Ni kigumu na kinateleza sana. Usishuke peke yako. Mikwaruzo na michubuko mingi hutokea hapo, na hatua mbili mbele, kwenye vigae vya bafu.

Mkandaji mara nyingi anaongea Kimalayalam zaidi ya lugha nyingine. Maneno manne yatakusaidia: mathi ni inatosha, choodu ni moto, vedana ni maumivu, pathukke ni polepole. Mafuta yakiwa ya moto kupita kiasi sema pale pale, usivumilie kwa heshima.

Ukimaliza, mafuta huondolewa kwa unga wa choroko badala ya sabuni. Kichwa kikioshwa, utapakwa unga kidogo utosini ili usishikwe na mafua. Kwa saa chache usiingie kwenye kiyoyozi wala usikae chini ya feni. Njoo na nguo za kuvaa kila siku ambazo hutazisikitikia, kwa sababu doa la mafuta ya dawa halitoki. Vua pete na cheni, na usivae lenzi za macho siku ya shirodhara.

Mwenye siku zake anaendelea?

Tiba nyingi husimamishwa, hasa zile za tumbo na za joto, na ratiba husogezwa. Ukizijua tarehe zako, zitaje unapopanga safari.

Nitakula nini?

Mboga, wali, dengu na choroko, nazi, mtindi mwembamba uliokorogwa na maji, matunda kwa wakati wake. Hakuna nyama, samaki, pombe wala kahawa kali, na chumvi na pilipili ni kidogo. Usiku utapewa kanji, uji wa mchele wenye chembe, pamoja na choroko za kuchemsha. Mlo wa usiku ni mapema, saa 1 au saa 1 na nusu. Kwa mtu aliyezoea kula saa 3, siku tatu za kwanza ni ngumu, ya nne mwili unakubali.

Usishtuke ukiletewa maji yenye rangi ya waridi. Si machafu. Wamalayali, wenyeji wa Kerala, huchemsha maji ya kunywa na vipande vya mti wa pathimugham, na hiyo ndiyo rangi yake. Kunywa hayo, na waache wakujazie chupa. Kwenye tiba maji baridi ya friji hayatakiwi kabisa.

Mimi ni Mwislamu. Kuna la kuangalia?

Lipo, na ni la muhimu. Chakula chenyewe hakina tatizo kwa kuwa ni cha mboga. Dawa ndizo za kuuliza. Arishtam na asavam ni dawa za maji zinazochachushwa, na kileo hutokea ndani yake zenyewe, kwa kiasi kinachoweza kufikia asilimia kadhaa. Dawa nyingi zenye kazi ileile zinapatikana kama kashayam, yaani maji ya mitishamba yaliyochemshwa bila kuchachushwa, au kama vidonge. Pia kuna samli ya panchagavya, ambayo hutiwa mkojo na kinyesi cha ng'ombe. Mwambie daktari siku ya kwanza kwamba hutaki hivi viwili, naye atabadilisha bila shida. Kerala ina Waislamu wengi, ombi lako si geni kwake.

Misikiti ipo karibu, hasa upande wa Mattancherry, mtaa wa jirani. Kuhusu Ramadhani: usiende kutibiwa mwezi huo. Dawa hunywewa alfajiri, mchana na jioni, na kufunga baada ya kuharishwa ni hatari. Subiri Shawwal.

Natumia dawa za presha, kisukari au ARV. Niziache?

Usiache hata moja. Hili halina mjadala, na daktari mzuri wa Ayurveda atakwambia hivyo hivyo. Beba dawa za kutosha safari nzima na siku kadhaa za ziada, kwenye begi la mkononi, pamoja na cheti cha daktari wako.

Sababu za kuwa mwangalifu ni hizi. Yashtimadhu, mzizi mtamu unaotiwa kwenye dawa nyingi za kifua na tumbo, huweza kupandisha presha na kushusha potasiamu. Manjano kwa kipimo kikubwa na guggul, utomvu wa mti, zinaweza kuongeza nguvu ya dawa za kuzuia damu kuganda. Mwenye kisukari anayechoma insulini akanywa samli na kukaa bila kula mpaka mchana, sukari yake inaweza kushuka ghafla. Huyo apewe ratiba ya kukandwa na chakula, aachane na samli. Kwa ARV, mwanzo wa busara ni mafuta ya nje pekee, bila dawa za kunywa, mpaka daktari wako wa nyumbani aone majina ya mitishamba yote.

Mjamzito, mwenye homa, mwenye kidonda kibichi, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye moyo dhaifu au kifafa kisichodhibitiwa: hakuna kuharishwa, hakuna mvuke. Na kama ugonjwa wako haujulikani bado, pima kwanza hospitali. Mafuta yanaweza kutuliza maumivu ambayo yalikuwa yanakuonya.

Ni kweli dawa nyingine zina risasi na zebaki?

Kweli. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulipima dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwenye intaneti, na takribani moja kati ya tano ilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Kuna tawi la Ayurveda linalotumia madini yaliyochomwa kwa makusudi, huitwa bhasma. Wewe sema wazi: mitishamba tu, bila bhasma wala dawa ambayo jina lake lina neno rasa, mpaka uelezwe kilichomo. Kila dawa unayopewa iwe na lebo ya kiwanda, namba ya leseni, toleo na tarehe ya kuisha. Vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi tupu, virudishe.

Nitajuaje nyumba nzuri?

Uliza jina la daktari na shahada yake. BAMS ndiyo shahada ya kwanza ya Ayurveda India, miaka 5 na nusu ikiwemo mmoja wa mazoezi. Uliza yupo siku ngapi kwa wiki, maana nyumba nyingine zina daktari wa kuja Jumatatu na Alhamisi tu, na kwa panchakarma hiyo haitoshi. Uliza wanatumia mafuta ya kiwanda gani, na kama yaliyomiminwa kwako hurudiwa. Kwa mgonjwa yuleyule kurudia kwa siku chache ni desturi. Yasiende kwa mtu mwingine. Uliza pia wanafanya nini mtu akizidiwa usiku, na hospitali gani iko karibu. Anayejibu haya kwa utulivu anajua kazi yake.

Chumba kwenye nyumba ya zamani kikoje?

Kuta nene, dari za mbao, ngazi nyembamba zenye mwinuko mkali. Lifti kwa kawaida hakuna. Mwenye magoti mabaya aombe chumba cha chini mapema, kabla ya kulipa. Mbu wa Kochi ni wengi, chandarua kiwepo na usiende bila dawa ya kujipaka, ingawa siku za tiba utaipaka kwenye nguo tu. Asubuhi utasikia kunguru, kengele za kanisa na adhana, vyote kabla ya jua. Mwenye usingizi mwepesi achague chumba cha uani. Umeme ni volti 230 kama nyumbani, lakini plagi ni za pini za mviringo, kwa hiyo plagi zetu za pini tatu bapa zinahitaji adapta.

Naweza kuzunguka mji?

Taratibu, ndiyo. Muda mzuri ni saa 11 jioni, jua likiwa limelegea, na kichwa kiwe kimefunikwa. Nyavu kubwa za Kichina za ufukweni ziko umbali wa kutembea kutoka nyumba nyingi: mbao ndefu zinazoshushwa majini na kuinuliwa na watu wanne au zaidi kwa kuvuta kamba zilizofungwa mawe. Kanisa la Mtakatifu Francis ndipo alipozikwa Vasco da Gama mwaka 1524, yuleyule aliyepita Malindi mwaka 1498, kabla mabaki yake hayajapelekwa Ureno mwaka 1539. Mattancherry kuna jumba la mfalme lenye michoro ya ukutani, hufungwa Ijumaa, na sinagogi ya mwaka 1568, ambayo Jumamosi haifunguliwi. Maduka ya iliki na pilipili manga yako jirani yake.

Baharini usiogelee, kwa sababu ya tiba na kwa sababu maji ya hapo ni ya mlango wa bandari. Safari ya siku nzima kwenda kwenye mashua za Alappuzha, mji ulio kusini mwa Kochi, iwe kabla ya tiba kuanza. Siku za samli na za kuharisha usitoke kabisa.

Msimu gani ni mzuri?

Mvua za kusi huingia Kerala karibu na tarehe 1 Juni. Wenyeji hujitibu zaidi mwezi wa Karkidakam, katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti, hewa ikiwa ya ubaridi na kazi za nje zimepungua. Kwa tiba, huo ndio wakati bora, na bei hushuka. Gharama yake ni nguo zisizokauka na barabara kujaa maji. Desemba hadi Februari hali ya hewa inapendeza lakini vyumba hujaa. Aprili na Mei joto ni kali, na mafuta ya moto juu yake huchosha.

Viza, chanjo na njia ya kufika?

Tangu mwaka 2023 India ina viza ya AYUSH kwa wageni wanaokuja kwa tiba za aina hii. Iulize nyumba ni viza gani wageni wake huombea na kama itakuandikia barua. Fanya hivyo kabla ya kujaza fomu. Anayetoka Kenya, Uganda au Kongo abebe cheti cha homa ya manjano, na chanjo iwe imechomwa siku 10 au zaidi kabla ya kufika, la sivyo anaweza kuwekwa karantini. Kutoka nchi jirani, hakikisha na ubalozi.

Kutoka Afrika Mashariki unabadilisha ndege Mumbai au miji ya Ghuba. Walioko Muscat wana ndege za moja kwa moja. Uwanja uko Nedumbassery, kama kilomita 40 kutoka Fort Kochi. Kodi teksi ya kulipia kaunta, na ukifika jioni tenga muda wa saa mbili kwa ajili ya foleni. Kutoka Ernakulam, upande wa bara wa jiji, kivuko ni rahisi na haraka kuliko barabara. Saa za Kochi ziko mbele ya zetu kwa saa 2 na nusu.

Bei hujumuisha nini?

Uliza kwa maandishi: kumwona daktari, idadi ya tiba kwa siku, dawa za kunywa, milo, kodi. Dawa za kwenda nazo nyumbani karibu kila mara ni za kulipia pembeni. Uliza pia ukikatisha kwa ugonjwa unarudishiwa nini. Beba rupia taslimu kiasi, kwa sababu wenyeji hulipana kwa simu na mgeni si rahisi kuingia kwenye mfumo huo.

Nikirudi na mafuta na dawa je?

Mafuta yaende kwenye mzigo mkubwa, chupa zikiwa na kizibo cha kiwanda, kila moja kwenye mfuko wake wa plastiki na kuzungushiwa kanga au taulo. Risiti na maagizo ya daktari viwe juu, forodha watauliza. Arishtam usibebe ikiwa unapitia au unarudi Ghuba, kwa sababu ya kileo chake. Nunua cha miezi 2, kisizidi hapo: dawa nyingi zikifunguliwa hazidumu kwenye joto la pwani, na samli ya dawa ikianza kunuka ukali, imwage.